Niliigiza Sauti ya Injinia, Gari ya Mume Wangu Ikakatwa

Hapana, simu haikuwa ya wizi. Niliazima kwa Habiba, yule mama Msomali wa duka ya vitambaa pale sokoni, na alinipa kwa mkono wake mwenyewe, akicheka. Sikutumwa na mtu. Sikuwa nimekunywa kitu. Makosa ni yangu, yote, kutoka kichwa mpaka kidole cha mguu. Sasa umeshajua, tuendelee.

Mimi ni mama mzee wa hapa Machakos. Kusoma sijui, hata jina langu nikilikuta limeandikwa mahali nalipita kama mgeni. Anayeniandikia ni jirani yangu, na nimemwambia asininyooshee mdomo. Jina langu sisemi. Mume wangu nitamwita Baba Mutua, kwa sababu hata nyumbani ndivyo namwita.

Aiya! Hata kukaa siwezi. Nimeinuka nimefukuza kuku, nimerudi. Kila nikianza hii maneno miguu inataka kwenda mahali, na mahali pa kwenda hakuna.

Kitu ujue kwanza: mimi naigiza watu. Nilianza nikiwa msichana kwetu Ndithini, na sijawahi kuacha. Mtu akiingia kwangu akinywa chai kikombe kimoja, akitoka ameniachia sauti yake. Chifu niko naye hapa: “Wananchi, mnyamaze kabla sijawanyamazisha!” Daktari wa meno niko naye. Mbuzi wa jirani niko naye, na mwenye mbuzi pia, na ukinisikia huwezi kujua nani ni nani.

Hata matangani naitwa. Watu wakishalia mpaka wamechoka, mtu anasema, “Susu,” yaani nyanya, “tuletee marehemu kidogo.” Basi namleta! Namleta na kikohozi chake, na vile alikuwa anagombana na sufuria, na watu wanacheka machozi yakiwa bado kwa mashavu. Nilidhani hiyo ni zawadi Mungu amenipa. Nilidhani haiwezi kuumiza mtu.

Sasa, Baba Mutua. Huyu alikuwa dereva wa mzungu fulani wa shamba la mkonge, zamani sana. Mzungu akirudi kwao akamwachia gari. Kagari keusi, taa mbili za duara kama macho ya mtu ameshtuka, honi ya mpira kando ya mlango. Ikitembea inaruka, kwa hivyo tukaiita Kavaluku, yaani sungura.

Kila Jumapili tukitoka kanisani anaiosha. Anaikausha na fulana yake mwenyewe! Mimi nasimama mlangoni namwambia, “Kama ungekuwa unaniosha mimi hivyo, ningekuzalia mapacha.” Yeye anacheka tu chini kwa chini. Ni mtu wa maneno machache. Maneno yake yote nimekuwa nikiyasema mimi.

Halafu macho yake yakaanza kuingia maziwa. Kwanza jicho moja, kisha la pili. Akawa anaona watu kama nguo zimeanikwa. Na hapo ndipo hofu ilimshika, si ya kufa, si ya giza. Hofu ya Kavaluku.

Kwa sababu kijana wetu Mutua anafanya kazi ya malori kule Mlolongo, na kila akija nyumbani ni wimbo mmoja. Wacha nimlete: “Buda, hiyo mkebe unaiosha ya nini? Tuikate, chuma iko na soko!” Baba Mutua anajibu, “Nikiwa naona, hakuna mtu atakata.” Sasa haoni.

Ndipo tukasikia habari ya Injinia. Huyu ni mtu wa magari ya zamani. Amejenga nyumba ndefu ya mabati mbele ya Kinanie, ndani ni magari ya babu zetu tu, yamepangwa mstari, na watu wanaenda kuyaangalia vile wanaangalia simba. Yeye anaita makumbusho. Na kila Februari, wakati jua linatupiga bila huruma, anaita wenye magari ya zamani wote wakutane uwanjani hapa Machakos.

Alikuja kwetu mwenyewe. Akazunguka Kavaluku. Akavuta suruali juu, akagonga mlango wa gari na kidole, ko ko ko. Halafu akasafisha koo, hivi: “Hmk! Tuseme hivi, mzee wangu. Kimsingi, gari ni nzuri. Kimsingi. Wacha nifikirie, nitakupigia simu kabla ya mkutano.”

Baba Mutua alimwomba kitu kimoja tu. “Ukikubali, usitume lori. Nitaileta mimi, mikono yangu ikiwa kwa usukani. Halafu ikae mahali watu wataiona, hata kama mimi siioni.”

“Kimsingi hakuna shida,” Injinia akasema, akaenda.

Ngai wangu! Hapo ndipo nyumba ilikosa amani. Simu tulikuwa nayo moja, hizi za zamani nzito kama jiwe la kusagia ugoro, Mutua alituletea. Baba Mutua akaifunga kwa kamba ya kiatu akaivaa shingoni. Mawimbi yanapatikana kwa kichuguu nyuma ya ghala peke yake, kwa hivyo akahamia kwa kichuguu. Chakula nampelekea huko. Anashika kijiko, anasimama, anakaa, anasimama.

“Nyamaza, imelia.”

“Ni nzi, Baba Mutua.”

“Sasa je?”

“Ni nzi mwingine. Ndugu ya yule.”

Asubuhi kichuguu, mchana kichuguu. Alikonda. Akizungumza nami sikio lake liko kwa simu. Na mimi, wacha niseme ukweli, niliona wivu na nikachoka. Nikajiambia huyu mzee nimchekeshe kidogo atoke hapo kwa mchwa. Huo ndio ujinga wangu wa kwanza.

Nikaenda kwa Habiba. Nikamwomba simu. Habiba ananijua, akaketi juu ya mizigo yake ya vitambaa kama mtu anangoja sinema. “Walahi, mama, wewe utachomwa moto,” ananiambia, “lakini piga basi, piga!”

Akanibonyezea namba. Ikalia. Nikasikia pumzi ya Baba Mutua.

“Hmk! Tuseme hivi. Huyo ni mzee wa Kavaluku?”

“Ndiyo, Injinia! Ndiyo! Ngoja nisimame.” Na nilijua ametoa kofia. Mtu anatolea simu kofia!

“Kimsingi, mzee wangu, gari nimekubali. Siku ya mkutano uilete. Itakaa mbele kabisa, hapo mlangoni.”

Mpango wangu ulikuwa apige kelele ya furaha, halafu mimi nirudi kwa sauti yangu niseme, “Na sasa mkeo amekubali nini?” Tucheke, iishe. Lakini hakupiga kelele. Nikasikia anavuta makamasi. Akasema polepole, “Asante, mwanangu. Sasa hata macho yakitaka kwenda, yaende.”

Wuuui! Habiba anashika tumbo kwa kucheka, na mimi nimesimama na simu kama nimeshika nyoka. Nikabonyeza nikakata.

Nilikimbia nyumbani na hii miguu yangu. Kichuguu hakuna mtu. Nikamfuata mpaka kwa posho mill, nikamkuta amevaa koti yake ya udereva, ile ya vifungo vya shaba, anaambia kila mtu. “Mbele kabisa! Hapo mlangoni!” Akina mama na debe zao za mahindi wanampa mkono.

Sikujua nifanye nini, nikafanya kile najua. Nikasimama katikati ya watu nikasema, “Hmk! Kimsingi, mzee wangu!” Watu wakageuka. Wakaelewa. Wakacheka mpaka mwenye mashine akazima mashine ili naye asikie.

Baba Mutua alicheka pia. Lakini alicheka na meno tu. Njiani akaniambia, “Mama Mutua, nicheke kwa kitu kingine chochote. Vaa nguo zangu unicheke. Lakini hii ya Kavaluku, usinifanyie tena.”

Nikasema, “Sifanyi tena.” Sikia hiyo vizuri, wewe unayesoma. Nilisema kwa mdomo huu huu.

Siku zikapita. Siku fulani nikatoka sokoni nikamkuta amekaa kwa kichuguu amekunja miguu, amefurahi kama kijana ameoa.

“Leo nimekuweza!” ananiambia. “Ulidhani nitaingia mtego mara mbili?”

“Mtego gani?”

“Umenipigia tena na ile hmk yako. Ati kimsingi gari nimekubali. Nimekupa! Nimekuambia, wewe mwanamke wa miguu ya kuku, hiyo kimsingi yako ichemshe na maharagwe ule! Na ukirudi bila sukari, leo utalala na mbuzi!”

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kusema kweli alikuwa amepiga utani mzuri, mtu wa maneno machache! Halafu nikaacha kucheka, nikaweka kikapu chini.

“Baba Mutua. Mimi sijapiga.”

“Umepiga.”

“Habiba ameenda na bwana yake kununua mbuzi tangu jana. Ameenda na simu. Ningepiga na nini, na kijiko?”

Akatoa kofia. Akaivaa. Akaitoa tena.

“Sasa,” akasema, “nilikuwa namlaza nani na mbuzi?”

Jirani akatubonyezea ile namba ya Injinia, tukiomba Mungu. Akashika. Baba Mutua akaanza, “Injinia, ni mimi, ni bahati mbaya…” Injinia akasema, “Hmk. Mzee, mimi si mtu wa kulala na mbuzi.” Kwisha. Akakata. Na kila tukipiga tena, akisikia ni sisi anakata.

Baba Mutua hakunigombeza. Heri angenigombeza! Alizunguka boma, anagusa gari, anagusa ukuta, anagusa gari. Mimi nazunguka nyuma yake. Mpaka kuku walichoka na sisi. Mwisho nikasema, “Mkutano uko Jumamosi. Injinia atakuwa pale uwanjani. Twende na Kavaluku, nimwambie mimi mwenyewe ilivyokuwa.”

“Nani ataendesha?” akauliza.

“Wewe. Mimi nitakuwa macho.”

Hii nayo ni dhambi, najua, usinikaripie. Tulitoka asubuhi, barabara ya vumbi ya nyuma, polepole kama harusi. Yeye ameshika usukani na koti yake ya shaba, mimi kando yake nimetoa kichwa nje.

“Kulia kidogo. Kidogo, nimesema! Nyooka. Nyooka. Punda.”

“Yuko wapi?”

“Mbele yako.”

“Mwambie ahame.”

Nikamwambia ahame na sauti ya punda mwenzake, na akahama! Baba Mutua akacheka, akapiga honi, paa-puu! Sijawahi kumwona hivyo tangu tukiwa vijana. Kila nikisema kushoto, anakata kushoto, hata haulizi. Karibu na mji akaniambia, “Leo umesema na sauti yako tu, njia yote. Ni sauti nzuri.” Na mimi nikageuza uso nikaangalia mashamba, mama mzee mzima.

Uwanja ulikuwa umejaa. Magari ya kila rangi, mengine marefu kama ng’ombe wawili, mengine hayana paa, mengine yanatoa moshi kwa boneti kwa ajili ya jua. Wazungu na kofia zao, Wahindi na watoto na vyakula, vijana wa Nairobi wanapigana picha. Tukapata nafasi pembeni. Baba Mutua akashuka, akaegemea Kavaluku, akafuta boneti na mkono wa koti.

“Mimi nangoja hapa,” akasema. “Nenda umwambie ukweli. Ukweli tu, Mama Mutua.”

“Ukweli tu.”

Nilimkuta Injinia kando ya gari nyekundu, na watu wakubwa wakubwa. Nilimwambia yote. Habiba, simu, kichuguu, mbuzi. Nilimwambia, “Mwanangu, yule mzee hakukutukana wewe. Alikuwa anatukana mimi, na nilistahili.”

Aliniangalia kutoka juu mpaka chini. “Ulijifanya mimi? Mama mzee kama wewe?”

“Ndiyo.”

“Hebu sema kidogo nisikie.”

Nikasema, “Hmk!” Hiyo tu. Mama mmoja wa kofia kubwa akatoa soda kwa pua! Na Injinia mwenyewe, haki ya Mungu, akacheka. Akatoa kitambaa akafuta macho. “Ni mimi huyu! Mzee hana makosa. Ungepiga hodi kwangu, hata mke wangu angekufungulia mlango.”

Umeona? Iliisha! Nilikuwa nimeshinda! Kitu ilibaki ni nimshike mkono nimpeleke kwa Baba Mutua, hatua chache pale, waongee wanaume wawili, iishe.

Lakini watu walikuwa wamezunguka. “Endelea, Mama! Tuongezee!” Na mimi nikisikia kicheko, hakuna breki. Nikavuta suruali ambayo sina. Nikatembea na tumbo mbele. Nikagonga ile gari nyekundu, ko ko ko. Na nikatoa sauti yote, ile kubwa, uwanja usikie: “Hmk! Tuseme hivi! Kimsingi, mzee wangu, gari nimekubali! Ilete mbele kabisa, hapo mlangoni!”

Ngoja. Ngoja nisimame kidogo.

Nimerudi. Kabla sijamaliza nikuambie neno, kwa sababu nikishamaliza sitaweza. Wewe uko na mdomo mtamu, wewe watu wanakuita matangani na harusini uwachekeshe: mtu wako akikuambia hii usinifanyie, usimfanyie. Usimfanyie hata kama watu wote wanapiga makofi. Hao wa makofi wanaenda kwao jioni. Unabaki na yeye.

Kavaluku haiko. Ilikaa pale uwanjani mpaka Mutua akaja na lori, ikaenda Mlolongo, ikakatwa. Injinia alituma watu nyumbani mara nyingi, Baba Mutua hakutoka. Mutua alituletea honi peke yake. Iko kwa mlango. Baba Mutua akitaka maji, haniiti. Anabonyeza honi, paa-puu, nami naenda.

Na macho sasa yamekwenda kabisa. Nikiingia nikisema, “Ni mimi, nimeleta uji,” hajibu. Ananyoosha mkono. Nampa mkono wangu, anatafuta ile bangili ya shaba alininunulia tukioana, anaizungusha. Akiipata, ndipo anakunywa. Sauti yangu haimwambii kitu. Siku hizi matanga siendi. Marehemu wakae na sauti zao.

Basi, pale uwanjani. Nikiwa bado nimetoa tumbo mbele, nikaona watu wanapisha. Baba Mutua anakuja. Ameshika kofia kwa mkono mmoja, mkono ule mwingine ameunyoosha mbele, anagonga watu, anaomba radhi, anafuata sauti. Uso wake! Sijawahi kuona uso kama ule.

“Asante, mwanangu,” anasema. “Asante. Nimesikia. Asante.”

Akanifikia mimi. Akatupa kofia chini ili anishike na mikono miwili. Watu wakacheka zaidi, walidhani ni mchezo tumepanga.

Halafu vidole vyake vikafika kwa bangili. Akaizungusha mara moja.

Kicheko kikafa, kwanza wa mbele, halafu wa nyuma. Injinia akaja mbio, akamshika bega. Hakusafisha koo. Kimsingi hakusema. “Mzee,” akasema, “sasa huyu ni mimi. Ni mimi kweli. Gari nimekubali, mbele ya hawa watu wote.”

Baba Mutua akaniachilia mkono. Akainama, akapapasa chini mpaka akapata kofia, akaipangusa vumbi, akaivaa.

“Nimechoka kukubaliwa,” akasema. “Gari iacheni hapo. Nitaenda kwa miguu.”